Unyusi wa Kushoto wa Mama

Nikiwasha kiberiti siwezi kuitupa njiti papo hapo. Ikishazimika naishika mpaka ule moshi wake mwembamba uishe, naunusa, na mkono wangu wa pili unapanda usoni wenyewe, unapapasa nyusi. Mume wangu alishachoka kuuliza. Watoto wananicheka, wanasema mama anahakikisha kichwa bado kipo. Wacheke tu. Mimi ni mtu wa kutotulia, kiti hakinijui, na kutotulia huko nilikuanza utotoni, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi pale Kolwezi, nikiwa naulinda uso wa mama yangu.

Ninyi mliokulia kwenye zile nyumba mnazijua. Nyumba mbili chini ya bati moja, ukuta mmoja katikati, mlango wa jikoni huku na mlango wa jikoni kule, na ngazi zao fupi za saruji zikitazama ua mmoja. Upande wetu tulikuwa sisi, watu wa kaskazini mwa Katanga; baba aliendesha lori kubwa kwenye shimo la Mashamba. Upande wa pili aliishi Mama Ngalula na mumewe, karani, na binti yao Ngalula, rika langu. Wazee wao walitoka Kasai, wakaletwa kufanya kazi ya shaba hata kabla wazazi wetu hawajazaliwa. Habari hiyo ya Kasai sikuwa nayo wakati ule. Nilichojua ni kwamba sombe yao, yaani kisamvu, ilikuwa tamu kuliko yetu, na kwamba mama yangu alimwita Mama Ngalula "Yaya", yaani dada mkubwa.

Jumamosi alasiri, nguo za misa zikiwa zimeshapigwa pasi, wanawake hao wawili walitindana nyusi pale kwenye ngazi. Mama Ngalula ndiye aliyekuwa fundi. Alichukua wembe mpya ukiwa bado ndani ya karatasi yake, akaukunja kwa urefu mpaka ukavunjika kati kwa sauti ndogo kavu. Nusu akaishika yeye, nusu akampa mama. Alichota jivu la baridi jikoni akalipaka juu ya nyusi ili wembe usiteleze. Kisha akatoa njiti ya kiberiti, akaisimamisha kando ya pua ya mama: hapa unyusi unaanzia. Akailaza kutoka puani kupitia pembe ya jicho: hapa unaishia. Mama naye akampima kwa njiti ile ile. Haikubadilishwa mpaka wote wawili wamalize.

"Ukipima na ingine, unatoa sura ingine," alisema Mama Ngalula.

Wakishakwanguana, njiti ndipo iliwashwa, ikapulizwa, ikaachwa ipoe kidogo, na kwa ncha yake nyeusi walichorana upinde mwembamba, wa juu juu, wa mtu aliyeambiwa habari asiyoiamini sana. Zamani walikuwa na kalamu ya nyusi ya dukani, lakini dukani vitu vilikuwa vinaisha kimoja kimoja, na njiti ikachukua kazi. Harufu ile ya njiti iliyozimwa, jivu, na mafuta ya mise, ya kokwa za mchikichi, waliyojipaka baadaye, kwangu ndiyo ilikuwa harufu ya kesho Jumapili.

Palikuwa na sheria moja. Anayetindwa hasemi. Wembe uko karibu na jicho, ukicheka umejikata. Kwa hiyo aliyeshika wembe ndiye aliyesema, na mwenzake alisikiliza, macho yamefumbwa, kichwa kimelala mapajani. Mambo mazito ya wiki nzima yalingojea pale. Mama Ngalula akiwa na neno la kumgombeza mama hakumfuata jikoni wala bombani; alingoja Jumamosi, akaushika wembe, akasema yote taratibu. Nilikuwa naona kidole gumba cha mguu wa mama kikichezacheza kwa hamu ya kujibu. Lakini jibu lilikuwa la zamu. Mpaka mama naye ashike nusu yake na mwenzake alale, hasira imeshapoa, na mara nyingi kilichobaki cha kujibu kilikuwa kicheko. Sikuwahi kuwasikia wakipandishiana sauti.

Walipoinuka pale walikuwa na uso mmoja. Kwa akili yangu nyusi zilikuwa kitu ambacho mtu anazaliwa nacho, anakipata kwa mama yake, na kazi ya wembe ilikuwa kukisafisha tu, kama unavyoparua sufuria. Mama na Mama Ngalula walikuwa na nyusi zile zile. Basi walitoka tumbo moja. Ngalula alikubaliana nami. Tulichobishania ni bibi yetu anaishi wapi, maana mimi nilisema yuko kijijini kwetu na yeye aliapa kwamba alikufa zamani. Siku moja tulipigana kwa ajili ya bibi huyo mmoja, mzima wangu na maiti wake.

Kisha mambo yakaanza kuharibika, na mimi nikayasoma kwa namna yangu, yaani kwa nyusi. Baba alipokuwa akirudi kutoka Mashamba, nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Ananawa, mzee anaondoka, kijana anabaki. Halafu akaanza kurudi mapema, nyusi safi. Nilifurahi. Nilidhani amepandishwa cheo, anakaa ofisini. Kumbe pampu za shimo zilikuwa zimesimama, maji yanapanda, na malori yamepangwa juu hayana la kufanya. Mshahara ulichelewa, kisha ukasahaulika. Unga wa kampuni ulikoma. Upepo wa kiangazi ulileta vumbi la mawe yaliyosagwa kutoka Kingamyambo, kwenye malundo ya mabaki ya mgodi, likaingia kwenye maharage, na watu wazima wakawa wanasimama makundi makundi wakisema kwa sauti ya chini, wakinyamaza mtoto akipita.

Bombani nilisikia neno lililoninyima usingizi wa mchana. Mama mmoja aliyekuwa anajaza ndoo alimwambia mwenzake, bila hata kupunguza sauti, "Batu ba Kasai banajulikana tu. Hata asiposema kitu, angalia sura."

Mwenzake akasema, "Barudie kwabo, shiye tupate kazi."

Nikauliza nyumbani nani ni mtu wa Kasai. Baba akasema, "Ba Mama Ngalula, lakini usiende useme pa njia." Basi. Nilikaa na hesabu yangu mwenyewe: wanajulikana kwa sura, na sura ya Mama Ngalula ndiyo sura ya mama. Watakuja wamchukue mama pia. Alasiri moja mama alikuwa amelala mkekani. Nikalowesha kitambaa, nikapiga magoti, nikaanza kumfuta zile nyusi. Aliamka, akanipiga kofi dogo la mkono, akaniuliza kama nimepata wazimu. Sikumwambia. Niliona aibu kumwambia kwamba uso wake unamponza.

Kaka yake mama, mjomba Monga, alikuwa anakuja kula kwetu. Alikuwa kijana mwenye maneno mengi, mcheshi, alinibeba mabegani, nami nilimpenda. Siwezi kusema vingine. Alipanga chumba kibovu mjini na alikuwa ameoa karibuni. Wakati ule alitembea na kundi la vijana waliokuwa wakiimba barabarani kwamba wageni waende. Mezani alisema huku tonge la bukari liko mkononi, "Mwenda kwao si mutumwa," akacheka, akatutazama tucheke. Baba alitazama sahani. Mama alisema tu, "Kula, bukari inapoa."

Siku moja baada ya kula alitoka ngazini, akapita upande wa pili, akasimama mbele ya dirisha la Mama Ngalula na kulipima kwa mikono miwili, kutoka pembe hadi pembe, kama mtu anayetaka kushona pazia. Mama alikuwa nyuma yake, na sahani yenye maji mkononi. Ndani, nyuma ya kioo, Mama Ngalula alikuwa amesimama. Aliona mikono ya mjomba na akamwona mama amenyamaza. Mjomba akageuka, akasema nyumba zote hizi zimejengwa vizuri, akaondoka akipiga mluzi. Mama alibaki na ile sahani mpaka maji yakamwagikia miguuni.

Jumamosi iliyofuata hakuna aliyetoka na wembe. Wala Jumamosi ya pili yake. Nilikaa kwenye ngazi peke yangu nikitazama mlango ule, nikainuka, nikaenda bombani, nikarudi, nikakaa tena. Ngalula alikatazwa kuvuka. Tulitazamana kupitia nyavu za dirisha na kutoana ulimi, kwa sababu hatukujua la kufanya lingine.

Na nyusi zikaanza kuota. Hilo sikulitegemea. Nilidhani zitarudi vilevile, nene kidogo tu. Lakini za mama zilitoka nyeusi, zimenyooka, zikasogeleana mpaka zikakaribia kukutana juu ya pua. Nilizijua nyusi hizo. Zilikuwa za mjomba Monga. Kila asubuhi nilipoamka nilimwona mjomba akizidi kutokeza katika uso wa mama, mpaka nikawa naogopa kumtazama akipika. Damu nzito kuliko maji, wanasema wakubwa. Mimi niliiona ikiota, na ilinichukiza.

Vijana walikuja asubuhi, wengine na fimbo, wengine na majani mabichi yamefungwa kichwani. Mjomba alikuwa kati yao. Hawakupiga mtu pale kwetu. Walisimama tu uani wakisema, "Haraka, haraka," na mume wa Mama Ngalula alikuwa anatoa vitu mlangoni huku shati lake la kikarani limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Magodoro, mabeseni, cherehani. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimefunga gauni langu la misa na kiatu kimoja ndani ya kitenge, maana cha pili sikukiona, nikatoka nikaenda kukaa juu ya furushi lao, karibu na Ngalula. Kama familia inaondoka, inaondoka yote.

Mjomba alicheka mara ya kwanza. Kisha akanishika mkono. "Huyu ni mutoto yetu," aliwaambia wenzake. Niling'ang'ania kamba ya furushi. Akaninyanyua hewani, kiatu changu kikadondoka, nikapiga mayowe nikimwita mama. Mama alikuwa ndani, nyuma ya pazia la dirisha letu. Niliona pazia likitikisika. Mama Ngalula naye aliliona. Alisimama katikati ya ua, beseni kichwani, akilitazama lile dirisha. Watu wakamwambia twende, akabaki anatazama. Kisha akaokota kiatu changu, akakiweka kwenye ngazi yetu, akaondoka.

Mama hakutoka.

Walipelekwa stesheni pamoja na mamia ya watu wengine, wangoje gari la moshi la kuwapeleka Kasai. Mvua zilianza wakiwa bado pale. Nyumbani kwetu palikuwa hapakaliki. Mama alifagia palipofagiwa. Aliosha sufuria safi. Usiku alizunguka, mchana alizunguka, na mimi nilizunguka nyuma yake, nimekataa kula mpaka niambiwe Ngalula anarudi lini. Alasiri moja alijaza unga katika beseni, akajitwisha, akanishika mkono.

Baba akamuuliza mlangoni, "Na ndugu yako akijua?"

"Ajue," mama akasema.

Stesheni ilinuka kuni mbichi, mikojo na samaki wa chumvi. Watu walikuwa chini ya maturubai, chini ya mashuka, chini ya meza. Watoto walikohoa kila upande. Tulimkuta Mama Ngalula amekaa juu ya furushi lile lile nililong'ang'ania, na nilipomtazama uso, nyusi zake zilikuwa chache, nyepesi, zimetawanyika mbali mbali, rangi ya kahawia. Hazikufanana na za mama hata kidogo. Nilisimama pale nikiwatazama wanawake wawili wasiohusiana. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba hawakuwa wa tumbo moja, na kwamba bibi wa Ngalula alikuwa amekufa kweli.

Hawakusalimiana. Mama alitua unga. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa ile nusu yake ya wembe, akamwekea Mama Ngalula kiganjani. Kisha akakaa chini kwenye tope, akamgeuzia mgongo, akalaza kichwa mapajani mwake na kufumba macho.

Nilitaka kupiga kelele. Mjomba alikuwa ametuambia mara nyingi kwamba watu wale wakikasirika hawasamehe, na sasa shingo ya mama ilikuwa wazi chini ya wembe. Ngalula alinishika mkono, kucha zake zikanichoma. Mama Ngalula aliugeuza wembe, akautazama huku na huku.

"Ngalula," alisema hatimaye, "leta alimeti."

Binti akaleta kiberiti; mama yake akachota jivu pembeni ya jiko lililozimika. Akasimamisha njiti kando ya pua ya mama, akailaza kupitia pembe ya jicho, akaanza unyusi wa kulia. Na kwa kuwa wembe ulikuwa mkononi mwake, alisema.

"Siku ile nilikungojea. Si juu unitetee, hapana. Nilijua hauwezi bale bijana. Nilingojea utoke tu ku mulango, useme neno moja, hata 'kwenda muzuri, Yaya.' Niliona pazia inatikisika. Nikasema, yuko pale, anatoka. Mutoto anabebwa hewani, anakuita, nikasema, sasa atatoka. Haukutoka." Alipuliza vinywele. "Nyumba, ndugu yako achukue. Nyumba ni matofali. Mi siumie juu ya nyumba. Niko naumia juu yako."

Kidole gumba cha mguu wa mama hakikucheza. Machozi yalimtoka pembeni ya macho yakalowesha jivu. Mama Ngalula alimfuta kwa kidole.

"Usilie, wembe itateleza."

Aliumaliza unyusi ule wa kulia vizuri kuliko nilivyowahi kuuona. Upinde ulikuwa pale pale, mwembamba, wa juu juu. Aliwasha njiti, akaizima, akauchora. Mama akageuza uso ili apate upande wa kushoto. Mkono haukuja.

"Hii ingine nitaimaliza siku nitarudia," Mama Ngalula akasema. "Na jibu yako uiweke mpaka ile siku."

Mama akafumbua macho, akafungua mdomo. Mama Ngalula akamwekea kidole midomoni.

"Hapana. Wembe iko bado mu mukono yangu."

Akaufunga ule wembe katika pembe ya kitenge chake yeye. Ngalula na mimi hatukuagana sawasawa. Alinipa ulimi, nikampa wangu. Tulipokuwa tunatoka, kijana mmoja wa fimbo alitusimamisha, akamwinamia mama, akamtazama upande mmoja wa uso, kisha wa pili, kisha tena wa kwanza. Nilikojoa kidogo pale niliposimama. Kijana akacheka, akasema, "Mama, nyusi ingine uliiacha wapi?" akatuachia njia.

Gari la moshi liliondoka asubuhi fulani mama akiwa anasonga bukari. Tuliisikia honi mpaka kambini. Mwiko ulisimama. Bukari ikaungua chini, tukaila hivyo hivyo, na baba hakulalamika.

Mjomba Monga alihamia jirani na mkewe. Mama alimpikia alipougua, aliwalea watoto wake wakiletwa kwetu, alizungumza naye kutoka ngazini. Lakini upande ule hakuvuka. Chakula alimtuma mtoto. Mimi nilidhani ni kiburi, au kwamba amemchukia wifi yake. Kila Jumamosi alitoka na kioo, akautinda unyusi wa kulia mwenyewe, akifuata mstari ule ule, na wa kushoto hakuugusa. Ukabaki wa Monga, mnene, umenyooka. Upande mmoja alikuwa dada wa Mama Ngalula, upande wa pili dada wa kaka yake, na hivyo ndivyo alivyokwenda misani, sokoni na kwenye harusi. Kambi nzima ilimwita Mama Nyusi Moja. Nilipokuwa msichana wa kuangaliwa na vijana, niliona aibu ya kufa. Nikamwomba aumalize tu huo wa pili, ni dakika chache.

"Haiko kazi yangu," akasema.

Miaka ikapita. Wengine wa wale waliofukuzwa walirudi Kolwezi, wakaanza upya, na kila aliyerudi alileta habari yake: Mama Ngalula anauza vitenge, Mama Ngalula alifia njiani na hata kaburi halijulikani, Mama Ngalula amekuwa kipofu, anaishi na binti yake. Mama alisikiliza zote, akashukuru, hakuchagua hata moja. Mjomba alipofariki, matanga yalikuwa pale pale jirani, watu wamejaa mpaka barabarani. Mama alimlilia kaka yake akiwa amekaa kwenye ngazi yetu, nje, na mvua ikinyesha. Walikuja kumvuta, wakamsema vibaya. Hakusogea. Mimi pia nilimkasirikia siku ile.

Majuzi nilikwenda kumwona. Bado yuko katika nyumba ile, mzee sasa, mwepesi. Nilikuwa namsuka mbele ya dirisha, mwanga unampiga usoni, mikono yangu ikasimama. Unyusi wa kushoto ulikuwa umepotea. Ulikuwa ukipungua kwa muda, mvi kwanza, kisha nywele moja moja, na sisi tunaomwona mtu kila mara hatuoni. Palibaki ngozi laini na vinywele vichache vya juu, vimejipanga katika kiupinde chembamba. Nilimpa kioo. Alijitazama muda mrefu, akapitisha kidole upande huu, kisha upande ule.

"Yaya amemaliza," alisema.

Nilidhani ni akili za uzee. Akaniambia, "Enda ku kiosque, ununue wembe. Ulete na alimeti."

Nilileta. Aliukunja wembe ndani ya karatasi yake kwa vidole vinavyotetemeka, ukavunjika kwa ile sauti ndogo kavu ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni. Akaniagiza jivu. Akaniambia nikae chini. Sikukubali mara moja, kusema kweli. Mkono ule haukuwa tena wa kushika wembe, na mimi macho yangu nayahitaji. Lakini nilikaa, nikalaza kichwa mapajani mwake, nikafumba macho. Njiti ilisimama kando ya pua yangu, ikalala. Mkono uliponigusa haukutetemeka.

"Mama, polepole," nilisema.

"Nyamaza. Ni zamu yangu."

Akakwangua mara moja, akapuliza.

"Yaya," alisema, na nikajua haniambii mimi. "Nilikuwa nyuma ya pazia, kweli. Niliogopa. Hakuna neno ingine. Nilifikiri nikitoka, batanipandisha na mi ku train, na mutoto atabakia na nani? Kumbe mutoto alikuwa na akili kunishinda, yeye alishaikala juu ya furushi." Akapuliza tena. Kitu cha moto kilinidondokea kwenye paji la uso. "Ndugu yangu alichukua nyumba yako. Sikumukataza. Lakini mu nyumba yako, Yaya, mi siyaingia hata siku moja. Hata matanga yake nililia inje. Kwenda muzuri, Yaya. Ile jibu uliniambia niiweke, njo hii."

Kidole changu gumba cha mguu kilikuwa kinacheza chenyewe. Mama alinitinda wa kulia, akanitinda na wa kushoto, akawasha njiti, akaizima, akangoja ipoe. Nusu ya pili ya wembe alikuwa ameiweka kwenye karatasi yake, kwenye ukingo wa dirisha, upande wa nyumba iliyokuwa ya Yaya.